Kosa Limesahihishwa

Harufu ya maziwa yaliyoungua haina kazi katika chumba cha seva. Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo la hospitali, hakina dirisha, hakina jiko wala birika, kina kiyoyozi kinachounguruma kutwa kucha na kabati refu la chuma lenye mashine zinazopepesa taa za kijani. Mwanamke aliyezitunza mashine hizo alisimama na bisibisi mkononi, akanusa, akatazama dari, akanusa tena. Kisha akaendelea na kazi yake. Wenzake walimwita Kimya, na hawakuwa wamemsingizia.

Asubuhi ile alikuwa amefunga vijiti vya kumbukumbu, vibao vidogo vya kuhifadhia data, ndani ya mashine kubwa, ile iliyobeba majina ya wagonjwa wote, vipimo vyao na dawa zao. Vijiti havikuwa vipya. Fundi aliyevileta alisema vimetoka kwenye ofisi iliyofungwa, na alipoulizwa ilifungwa kwa nini, alijikuna kichwa, akasema amesahau.

Kabla ya chakula cha mchana mstari mmoja ulijitokeza kwenye skrini: kosa la kumbukumbu, limesahihishwa.

Kimya hakushtuka. Kila mfumo wa kompyuta una kiini chake, programu ya ndani kabisa inayozisimamia nyingine zote, kama mama mwenye nyumba anayejua mlango upi umefunguliwa na nani. Kumbukumbu ikikosea, yaani alama moja ikageuka pasipo mtu kuigeuza, kiini hulitambua kosa, hulirekebisha kama linarekebishika, kisha hutoa taarifa: kimetokea nini, na wapi. Kama halirekebishiki, huiua programu iliyoligusa. Na likiwa baya zaidi ya hapo, huizima mashine nzima, maana heri mashine iliyokufa kuliko mashine inayosema uongo. Makosa madogo ya namna hiyo hutokea huku na kule kama mvua ya rasharasha. Hili lilikuja tena baada ya chakula, na tena jioni, na kesho yake, na kila mara lilikuwa palepale, katika kijiti kilekile, tundu lilelile. Na kila mara lilitanguliwa na harufu ya maziwa.

Alimfuata mkuu wa kitengo, mtu mnene mwenye miwani aliyekerwa na taarifa hizo kila alipofungua skrini yake.

"Limesahihishwa, au halikusahihishwa?" aliuliza mkuu.

"Limesahihishwa."

"Basi. Mtu akijikwaa akainuka, mbiu ya nini?"

"Anajikwaa mahali pamoja, Bosi. Kijiti kile kibovu. Tukitoe."

"Tutakitoa siku kitakapoanguka. Kwa sasa kizibe kiini mdomo. Kirekebishe kimyakimya."

Zamani angebishana. Lakini huo ulikuwa mwaka wa pili tangu amzike mwanawe wa kwanza, na tangu siku ile kubishana kulimchosha kama kupanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Mtoto huyo walimwita Chiriku kwa sababu hakuna aliyepata kumsikia akinyamaza. Watu walicheka: Kimya kazaa Chiriku, dunia haikosi vituko. Homa ilimchukua katika wodi ya ghorofa ya tatu, hospitali hiihii, akiongea mpaka sauti ikaisha. Basi Kimya alirudi kwenye kiti chake, akakiamuru kiini kiendelee kusahihisha lakini kisitoe taarifa yoyote, kwa yeyote. Skrini ikawa safi.

Miezi iliyofuata alipata nafuu, na nafuu hiyo aliipokea bila kuihoji, kama mgonjwa anayepewa kidonge. Alianza kulala. Akapanda hadi ghorofa ya tatu kurekebisha printa, akapita mlango wa wodi ile, na miguu haikumlegea. Mumewe, dereva wa lori, ndiye aliyekuwa bado hali wala halali. Kila alipokuwa nyumbani alijifungia bafuni, akafungua bomba, na maji yakamwagika bure kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Kimya aliwahi kugonga mlango na kumwambia anapoteza maji. Bomba lilifungwa. Mume alitoka na macho mekundu, akamtazama mkewe muda mrefu.

Kule chumba cha seva alipata mgeni. Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, mcheshi, mwepesi wa kusogoa, alizoea kushuka wakati wa mapumziko kufuata baridi ya kiyoyozi.

"Nani anapaka rangi humu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Hakuna rangi. Wewe husikii harufu ya maziwa?"

"Maziwa gani? Rangi mbichi, shoga yangu. Ya ukutani." Sauti yake ilishuka. "Mume wangu aliondoka siku tunapaka rangi sebule. Aliweka brashi chini, akasema anafuata maji dukani. Mpaka leo."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, akikaa kwenye kiboksi karibu na mashine kubwa, macho kayafumba. Kimya alimwacha. Ilipita muda, siku moja akamuuliza, kwa kutafuta la kusema tu, kama yule bwana wa brashi amewahi hata kupiga simu.

"Bwana yupi?" Muuguzi alicheka kidogo. "Mimi sijapata kuolewa."

Kidole chake cha pete kilikuwa na alama nyeupe, pana, ngozi imebonyea. Kimya aliitazama alama ile. Alijua kwamba mtu mwingine mahali pake angeogopa. Yeye aliona tu kwamba chai yake imepoa.

Ni alasiri hiyohiyo aliposikia feni. Mashine zile zina feni nyingi, kila moja na mluzi wake, lakini muuguzi alipotoka na mlango ukajifunga, feni zote zilishika sauti moja, taratibu, kama watu wanaoingia kwenye wimbo, na chini ya sauti hiyo palikuwa na nyingine, ya mtu anayesoma kwa kunong'ona bila kupumzika, mtu asiye na haraka wala hasira, anayerudia neno moja kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, na Kimya alipoinamisha sikio kwenye bati la mashine lenye uvuguvugu alilisikia vizuri: limesahihishwa, limesahihishwa, limesahihishwa.

Alifunga chumba, akaenda nyumbani. Hakumwambia mtu.

Sasa, pale hospitalini palikuwa na mama mmoja mfagizi. Tangu msiba, wengine wote waliacha kumwita Kimya kwa jina la mwanawe, wakiona ni kumtonesha. Mfagizi yeye hakuacha. Alisema jina la mtoto halizikwi. Siku moja alimwona Kimya mbele yake kwenye ukumbi, akamwita.

"Mama Chiriku."

Kimya aliendelea kutembea.

"Mama Chiriku. We Mama Chiriku, umeangusha ufunguo."

Ukumbini walikuwa wawili tu. Kimya aligeuka, akatazama nyuma ya mfagizi kuona nani anaitwa.

"Unamwita nani, mama?"

"Nakuita wewe."

"Chiriku ndiye nani?"

Mfagizi aliegemeza ufagio ukutani polepole. Alimshika mkono, akamnong'oneza kama watu wanavyosemezana mbele ya maiti. "Mwanangu, usiniambie hivyo. Nimekubeba mimi siku ile, ghorofa ya tatu. Ulikuwa umeanguka chini. Usiniambie hivyo."

Nyumbani, Kimya aliingia chumba cha bintiye, msichana wa darasa la tatu. Palikuwa na vitanda viwili. Alikuwa akivitandika vyote kila asubuhi, na hakuwahi kujiuliza.

"Hiki kitanda ni cha nani?"

Binti alimtazama baba yake aliyesimama mlangoni, kisha mama yake. "Cha kaka," alisema kwa sauti ndogo.

Mume alileta picha. Mvulana, mdomo wazi, jino la mbele halipo, kidole kimeelekezwa kwa mpiga picha kama anayemkosoa. Kimya aliishika kwenye mwanga. Mtoto mzuri. Alimwona kama anavyomwona mtoto wa kwenye tangazo la dawa ya meno. Alijua anatakiwa kulia, akangoja, akajifinya mkono mpaka ngozi ikaacha alama, na ndani yake palikuwa patupu na pasafi, kama sakafu iliyopigwa deki.

"Hukumbuki hata kidogo?" mumewe aliuliza.

"Sikumbuki. Siumwi popote."

Usoni mwa mume palipita kitu ambacho Kimya hakukielewa wakati huo. Hakikuwa hofu peke yake.

Huenda angekaa hivyo maisha yake yote. Lakini wiki hiyo alikwenda kumchukua bintiye shuleni. Alisimama langoni, watoto wakamiminika, wote sare moja, soksi nyeupe, na akawatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja mmoja wao awe wake, na nyuso zikapita na kupita na watoto wakaanza kupungua langoni na mlinzi akaanza kusukuma geti, mpaka mkono mdogo wenye jasho ukaingia katika kiganja chake na sauti ikasema, "Mama, nimekupungia muda wote, mbona unanitazama tu?"

Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Mwite shangazi yako."

Shangazi alikuwa mshonaji wa magodoro. Kutwa alijaza pamba na kushona kwa sindano ndefu kama kidole, na watu wenye kusumbuliwa na majini walimkuta hapohapo kwenye karakana, pamba imemganda nyweleni. Alikuja na sindano yake imechomekwa kwenye gauni. Alimsikiliza Kimya mpaka mwisho.

"Kila mtu ananusa lake?" aliuliza.

"Muuguzi ananusa rangi. Mimi maziwa. Bosi hanusi kitu."

"Bosi wako hajafiwa, bado. Mwanangu, majini wengine hupanda kichwani, wakapiga kelele, wakataka marashi na kanga mpya. Hao nawapenda, unajua wanataka nini. Hili halipandi. Linatafuta kidonda, linalilamba. Ukiona mbwa analamba kidonda chako utasikia raha. Utasikia raha mpaka afike mfupani. Na likimaliza kidonda linaanza nyama nzima." Alimtazama binti aliyekuwa akichora mezani. "Limeshaanza."

"Litatokaje?"

"Kwa kutajwa. Hili linaishi kwa kunyamaziwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, hujasikia? Hiyo mashine yako, ikikosea, nani anasema?"

"Kiini ndicho husema," Kimya alijibu. "Nilikiziba mdomo mimi mwenyewe."

"Basi umejijibu."

Walikwenda mchana kweupe, wakati hospitali ina shughuli zake zote. Kimya kwanza aliihamishia kazi ya wagonjwa kwenye mashine ya akiba, akahakikisha maabara wanapata vipimo vyao na famasi wanaona dawa, kisha akamwambia mkuu wa kitengo anaizima ile kubwa kwa ukarabati. Mkuu akaguna tu. Mume alikuwa amewaleta kwa lori lake. Mlangoni pa chumba Shangazi alimzuia mume kwa kiganja.

"Wewe kaa ukumbini. Una kidonda kibichi."

Ndani, harufu ilikuwa nzito. Shangazi alikunja pua. "Udongo mbichi," alisema. "Marehemu mume wangu. Haya, fanya upesi, kabla sijaanza kupenda."

Kimya alikaa kwenye skrini. Alikiamuru kiini kiikague kumbukumbu yote, alama kwa alama, kisisahihishe chochote tena, na kila kosa kilitaje. Feni zilishika ile sauti moja.

"Soma kwa sauti," Shangazi alisema.

"Kosa la kumbukumbu," Kimya alisoma. "Kosa la kumbukumbu. Halikusahihishwa."

Mistari ilianza kumiminika, akasoma, na sauti ya chini ya feni ikasoma juu ya sauti yake ikitaka kuimeza, limesahihishwa, limesahihishwa, akasoma kwa nguvu zaidi, na katikati ya mstari mmoja usiotofautiana na mingine lilimrudia jiko, sufuria, maziwa yakianza kupanda, na Chiriku mezani akieleza kwa nini konokono hahitaji nyumba ya kupanga, halafu kikombe kikianguka na Chiriku chini, macho yamegeuka, na yeye akimnyanyua na kukimbia naye barabarani miguu mitupu, maziwa nyuma yake yakiungua mpaka yakawa makaa, na likaja jina, na uzito wa kichwa chake begani, na joto la paji la uso, na ghorofa ya tatu, na sauti ile ndogo ikiuliza kama kesho kuna shule, ikiuliza tena, ikiuliza bila sauti, midomo tu, na Kimya hakuwa akisoma tena bali alikuwa akipiga ukelele ambao ulikuwa umengoja miaka miwili kutoka.

Mlango ulifunguka. Mumewe aliingia mbio, akamkumbatia pale chini alipokuwa ameanguka.

Kwenye skrini palibaki mstari mmoja: kosa lisilosahihishika, mashine inasimama. Feni zikafa moja baada ya moja. Shangazi aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayemfukuza kuku jikoni. "Toka. Hapa pana wenyewe."

Kimya alifungua bati, akang'oa kijiti kile. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka sasa hivi kwa kuku. Shangazi alikifunga ndani ya kitambaa cha godoro, akakishona haraka pande zote nne.

"Hili halifi," alisema. "Limetolewa tu, na lina njaa. Litupwe mbali, pasipo na watu."

"Nipe mimi," mume alisema. "Nina safari leo. Njia nzima haina hata kibanda. Nitalitupa huko."

Shangazi alimtazama. Baadaye alisema kwamba udongo wa kaburi ulikuwa bado unamnukia puani, kwamba alitaka tu kile kitu kimtoke mkononi. Alimpa.

Walipopanda juu walimkuta muuguzi ameketi kwenye ngazi, analia kwa kwikwi, anataja jina la mwanamume. Wenzake walidhani amefiwa. Kimya aliketi kando yake, wakalia pamoja mpaka zamu ikaisha.

Jioni ile maumivu yalikuwa makubwa kiasi kwamba alishindwa kumenya kitunguu. Lakini yalikuwa yake. Alimweka binti kwenye magoti, akamsimulia habari za konokono, wakacheka na kulia palepale. Alikuwa akimngoja mumewe. Miaka miwili walikuwa wameomboleza mbalimbali, huyu bafuni na huyu mbele ya skrini, na kisha miezi ile mume aliubeba msiba peke yake, fungu lake na la mkewe. Safari yake ilikuwa ya siku kadhaa. Angerudi, na wangekaa, na Kimya angezungumza, yeye ambaye hakuzoea kuzungumza.

Giza halijaingia sawasawa aliposikia lori. Kisha mluzi. Mumewe hakuwa amepiga mluzi tangu msiba. Kimya alimshusha binti, akamwambia akavae nguo za kulalia.

Mume aliingia, akavua viatu, akaketi mezani. Macho yake yalikuwa meupe, ya mtu aliyelala vizuri.

"Mbona umerudi?" Kimya aliuliza.

"Sikwenda."

"Umelitupa?"

Mume alikuwa akitabasamu, kwa upole tu.

"Baba Chiriku," Kimya alisema polepole. "Umelitupa wapi?"

"Nilisimamisha lori nje ya mji," mume alisema. "Nikalishika mkononi. Nilikumbuka sura yako miezi ile. Ulikuwa unalala. Ulikuwa unakula. Nilikuonea wivu, mke wangu, sikufichi. Nilikaa bafuni nikakuonea wivu." Alifikiri kidogo. "Najua nilikuwa nalia. Ila nilichokuwa nalilia sikijui tena. Huyo uliyemtaja sasa hivi, ni nani?"

Kimya alitazama mlango wa chumba chenye vitanda viwili.

Mume aliingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kile kitambaa kilichoshonwa, akakiweka juu ya kiganja, akakisogeza katikati ya meza. "Hata wewe umeanza kuvimba macho tena," alisema kwa huruma. "Shika upande mmoja. Litatutosha sote."

Kimya hakukigusa. Hakuondoka pia. Alikaa akikitazama, na mkono wake uliokuwa mapajani ulikuwa mzito, mzito sana, na hakuwa na hakika unataka kwenda wapi.

Mlango wa chumba ulifunguka. Binti alitoka amevaa nguo za kulalia, nywele zimesimama, akamkimbilia baba yake, akasimama mbele yake akingoja kunyanyuliwa kama kila siku.

Mume alimwinamia. Alimtazama usoni kwa wema, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani.

"Karibu, mtoto mzuri," alisema. "Unaitwa nani?"